Kanda Waliyosema Imekwama

Nyie mnaorekodi wimbo chumbani kwa simu, mkautupia mtandaoni asubuhi, na ikifika adhuhuri mmenuna kwa sababu watu hawajausifu, sogeeni karibu. Sitaki kuwasema. Nataka kuwasimulia habari ya kanda moja iliyotoka mikononi mwangu, jinsi watu walivyoipokea, na jinsi ilivyoondoka na mtu wangu. Nimeshastaafu, duka nimelifunga, sina tena wa kumwonea haya.

Mimi ni Mwasiti. Kama mama zenu walikulia Bulyaga, waulizeni Mwasiti wa Kanda. Babu yangu alipanda huku kutoka pwani na cherehani kichwani, akasema atakaa msimu mmoja tu, baridi ikimshinda anarudi. Kaburi lake liko hapa hapa Tukuyu. Kwetu sote tulikuwa watu wa nguo, na baba ndiye aliyekuwa akileta robota za mitumba, lakini mimi mkono wangu uliangukia kwenye kanda.

Aliyenifundisha ni Mjomba Salumu, fundi redio, mtu mkali kama pilipili kichaa. Siku ya kwanza aliniambia nisafishe kichwa cha redio kaseti kwa pamba na spiriti. Spiriti sikuiona, nikaona chupa ya mafuta ya taa, nikasema yote si yanawaka? Mwenye redio akarudi analalamika kwamba kila wimbo unanuka koroboi. Mjomba hakunipiga. Alinikalisha mbele ya ile redio, pua kwenye spika, akapiga kanda nzima ya kwaya mpaka ikaisha. Toka siku hiyo spiriti naijua hata nikifumba macho.

Jambo lingine alilonifundisha ni kusikiliza kwa mgongo. Ukitaka kujua kanda imetoka safi, usiikodolee macho redio. Geuka, ipe mgongo, tazama ukuta. Macho yana umbea, alikuwa akisema, yanayaambia masikio mambo yasiyokuwepo. Mpaka leo nikitaka kujua kama mtu ananiambia kweli, najifanya natafuta kitu nyuma yangu.

Na huku kwetu kuna mvua. Nyie mmezaliwa nayo hamuioni, lakini kanda iliiona. Ukiacha kanda kabatini miezi ya masika, unaikuta imeota kuvu nyeupe, ukiipiga inakoroma. Mimi zangu nilizilaza kwenye debe la mbao, chini nimetandika mkaa mkavu, na mkaa wenyewe nikiubadilisha kila ukishika unyevu. Watu walidhani nina dawa. Mkaa, wanangu, basi.

Sasa wakati wa ruksa, soko lilipofunguliwa, vitu vikamwagika. Tulikuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, mara sabuni za rangi zote. Redio kaseti zenye milango miwili zikaja, unaweka kanda huku, tupu kule, unabonyeza, unakwenda zako kuchemsha chai. Mjomba alipoiona mara ya kwanza aliizunguka kama mtu anayekagua ng'ombe wa mahari, akasema, "Hii itatulaza njaa." Haikutulaza. Tulirudufu kanda mchana kutwa, dansi, kwaya, kaswida, taarabu, na foleni ilikuwa inafika kwa muuza ndizi.

Lakini ruksa hiyo hiyo ilifika na kwenye viwanda vya chai. Wenyewe wapya, mashine mpya, watu wakapunguzwa. Na mmoja wa waliopunguzwa ndiye huyu ninayetaka kuwaambia habari zake.

Alikuja dukani siku ya mvua, maana huku siku zote ni za mvua, amejifunika mfuko wa mbolea, kifuani amekumbatia kitu.

"Mugonile, dada," akanisalimu Kinyakyusa, kwa heshima ya kumsalimia mtu mzima, na mimi hata ndoa sijaiona.

"Tumeamka salama. Kanda gani?"

"Nataka kurekodi."

"Kwaya?"

"Hapana. Mimi peke yangu."

"Unaimba nini?"

"Siimbi."

"Sasa unarekodi nini, kaka yangu, njaa?"

Akacheka. Jina lake Anyitike, kwao Ikuti, mrefu, mabega ameyainamisha kama anayepita mlango mfupi hata akiwa uwanjani. Alifunua mfuko, nikaona zeze la ajabu. Debe la mafuta ya kula, mti wa mparachichi, na waya mmoja tu, waya wa breki ya baiskeli. Uta wake ulikuwa wa nyuzi za katani zilizopakwa utomvu.

Akanieleza. Kiwandani kazi yake ilikuwa kwenye kunyausha majani. Chai ikitoka shambani inamwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, na chini yake mafeni yanapuliza saa kwa saa mpaka jani linyong'onyee. Yeye alikuwa mlinzi wa mafeni hayo tangu kijana. Sasa wamempunguza, amerudi Ikuti kwenye migomba, na usiku halali usingizi.

"Kimya kinanipigia kelele, dada. Yale mafeni yalikuwa na sauti moja tu, lakini ukikaa nayo unasikia imejaa. Unasikia watu mle ndani. Nimelitengeneza hili ili niirudishe."

"Na kanda ya nini?"

Hapo ndipo aliposema maneno ambayo yalikuja kunikaa kooni. Alisema ana kaka yake Dar es Salaam, ana meza ya mitumba, anamwita kila siku. Yeye hataki kwenda. "Lakini siwezi kukaa Ikuti nakwaruza waya, watu wanasema Anyitike kachanganyikiwa. Nikimpata mtu mmoja nisiyemjua, asiye ndugu wala jirani, akisikia akasema huyu anapiga muziki, nabaki. Nisipompata, naenda zangu."

Mimi wakati ule abaki asibaki ilinihusu nini? Nilikuwa nawaza robota za baba zisilowe.

Maana chumba changu cha kurekodia kilikuwa stoo ya baba. Nilizipanga robota ukuta mpaka ukuta, nguo zilizobanwa zinameza mwangwi vizuri kuliko blanketi. Kwaya ngapi zimeimba mle, katikati ya makoti ya Wazungu! Kitu kimoja tu kilinishinda, bati. Mvua ikigonga bati, unasimamisha kanda, unasubiri ikatike. Na mvua ya Tukuyu mkiisubiri mnaijua. Nilishasubiri na kwaya moja mpaka mwimbaji wa sauti ya nne akasinzia.

Anyitike alianza, na haikupita muda bati likaanza. Nikanyoosha mkono kuzima.

"Acha," akasema, uta haujasimama.

"Mvua inaingia kwenye kanda!"

"Iache iingie. Ndiyo iliyokuwa inakosekana."

Nikaacha. Nikageuka, nikampa mgongo kama nilivyofundishwa. Mwanzoni nilisikia waya na mvua. Kisha sikujua tena waya ni upi na mvua ni ipi. Kisha akaanza kuguna chini kwa chini, kinywa kimefumba, na ile sauti moja ikafunguka, nikasikia ndani yake mama yangu akipuliza jiko, nikasikia cherehani ya babu ambayo niliisikia nikiwa mchanga sana kiasi kwamba sikujua kama naikumbuka. Upande wa kwanza ulipokaribia kuisha nikamwambia pumzika nigeuze kanda. Hakupumzika. Aliendelea kupiga mimi nikigeuza. "Feni haizimwi jani likiwa bichi," akasema.

Basi nilimpenda pale pale, uso nimeuelekeza kwenye robota. Haya, nimesema. Msinitazame hivyo, na sisi tulikuwa vijana.

Tukatoa nakala. Mimi mwenyewe niliandika juu ya karatasi, Mvumo, na jina lake. Nikaziweka mbele kabisa dukani. Na tukaanza kusubiri watu waseme.

Wa kwanza kusema alikuwa mama mmoja wa Makandana. Alirudi siku ya pili.

"Mwasiti, kanda yako imekwama."

"Haijakwama, mama. Ndivyo ilivyo."

"Ndivyo ilivyo vipi? Nimesubiri wimbo uanze mpaka maharage yameungua!"

Alikuja na penseli, ameshaizungusha kanda yote kwa mkono akidhani imelegea. Baada yake wakaja wengine. Imekwama, imejikunja, imemezwa. Mmoja alikuwa ameibania kipande cha karatasi ili ikae sawa. Nilirudufu kanda miaka na miaka, sijapata kuona kanda nzima iliyotiliwa shaka kama ile.

Yule dereva wa basi la Kyela ndiye aliyenimaliza. Nilimpa nakala ya bure, nikiwaza abiria ni wengi na wageni, hatakosekana mmoja. Aliiweka wakiteremka mlima. Akasikia mvumo, akakunja uso, akapunguza mwendo, akasikiliza tena, akasimamisha gari. Akafungua boneti. Utingo akaingia uvunguni. Abiria wote chini, wanatoa mawazo, huyu anasema ni difu, huyu anasema ni beringi. Wakazima injini, na mvumo bado upo! Mzee mmoja akaanza kusali. Dereva alinirudishia kanda yangu kwa vidole viwili kama anashika panya. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Anyitike alicheka pia, lakini alinyamaza kabla yangu.

Akaniambia tuipeleke kwao Ikuti, labda wazee wataielewa. Nilikwenda naye, redio kaseti begani, betri nimezianika juani zipate nguvu. Tulikaa kwa shangazi yake, majirani wakaja, kanda ikapigwa. Walisikiliza kwa adabu. Kisha bibi mmoja akainuka, akaja akaweka kiganja chake juu ya redio.

"Gwe Anyitike," akasema, "nani amekufa?"

"Hakuna, bibi."

"Basi zima. Hiyo ni sauti ya msibani, siku ya tatu, akina mama wameshalia sauti zimekwisha, kimebaki kifua tu kinavuma. Sauti ile huifanyi bila msiba. Unauita msiba."

Nyie mnasema ni ushamba. Mimi nilisimama pale nikajua huyu bibi ndiye aliyesikia vizuri kuliko wote. Hakusema imekwama. Aliitambua mpaka ikamtisha. Nikamwambia Anyitike hivyo tukirudi, tope limetufika magotini. Yeye alilisikia neno moja tu, zima.

Tukajaribu mjini. Wakati huo redio za watu binafsi zilikuwa zinaanza kuota, na Mbeya kulikuwa na kituo kimoja kipya, mtangazaji wake kijana mwenye mdomo mtamu. Aliipokea kanda, akaahidi, na kweli jioni moja tukaisikia tukiwa dukani. Anyitike alishika ukingo wa meza. Tulisikia mvua yetu, tukasikia waya ukiingia. Halafu ikakatwa, yule kijana akasema wasikilizaji wapenzi tunaomba radhi kwa tatizo la mitambo, na dansi ikaendelea.

"Amefikiri ni mitambo," nikasema.

"Nimesikia."

"Nitamwandikia."

"Mwasiti, usimwandikie."

Likabaki gazeti. Magazeti mapya nayo yalikuwa mengi, kila moja lina mtu wake wa muziki, na mmoja huko Dar alikuwa anaogopwa na bendi zote. Akikusifu unajaza ukumbi. Tulimtumia kanda kwa kondakta wa basi. Gazeti lilikuwa linatufikia limeshalala njiani, wino unashika vidole. Nililifungua mimi, juu ya meza, na nilitamani nilifunge, lakini yeye alikuwa ameshainama.

Yule mwandishi aliandika kidogo sana, mkiani, chini ya habari ya taarabu. Alisema amesikiliza kanda kutoka milimani huko kusini, na kwa muda alidhani mtu anatafuta stesheni asiipate. Akamalizia kwamba mwenye zeze akishaongeza nyuzi mbili tatu, na mvua ikishakatika, ajaribu tena.

Anyitike alisoma, akarudi juu, akasoma tena. Kisha akalikunja lile gazeti vizuri, pembe kwa pembe, akanirudishia.

"Haya," akasema. "Huyo hanijui, na amesema."

Nikamtajia muuguzi mmoja wa hospitali ya Makandana aliyekuwa amenunua nakala ya pili, ya kwanza ameipiga mpaka imechakaa. Nilikuwa nimemhifadhi kama akiba. "Anasema akitoka zamu ya wodi, hiyo ndiyo inayomlaza."

"Anataka usingizi, Mwasiti. Dawa ya usingizi si muziki."

"Na mimi?"

"Wewe nini?"

"Mimi nasema ni muziki. Nimesikiliza kanda za nchi nzima, kazi yangu kutwa ni kusikiliza, na sijasikia kitu kama hicho. Nakwambia baki."

Alinitazama kwa upole. Afadhali angenitazama vibaya. "Fundi cherehani," akasema, "analisema vibaya gauni alilolishona mwenyewe? Nibaki nimpigie nani?"

"Nipigie mimi."

Nilisema hivyo hivyo, sikuzungusha, na mama yangu alikuwa nyuma ya pazia anapepeta mchele, akaacha kupepeta. Anyitike alielewa. Naapa alielewa. Akaweka mkono wake juu ya meza karibu na wangu, hakuugusa, akasema, "Ndaga fijo," ahsante sana, kama mtu aliyekaribishwa chakula na ameshashiba.

Wanangu, mkimpenda mtu anayesubiri kusifiwa na asiowajua, mjiandae. Uko mbele yake na yeye anachungulia juu ya bega lako aone nani anakuja.

Aliondoka na basi la asubuhi. Zeze hakulibeba. Debe alimwachia shangazi yake akawa anatekea maji, na ule waya aliutumia kufungia begi lake, kufuli lilikuwa bovu. Nilisimama stendi chini ya mwavuli nikautazama ule waya umezungushwa begi mara mbili, na nikapata hasira ambayo mpaka leo sijui niipeleke kwa nani.

Niliolewa baadaye na muuza vipuri, mtu mwema, Mungu amrehemu. Hadithi hii aliijua na alikuwa akinitania nayo kila basi la Kyela likiharibika. Kazi iliendelea. Wazee wengine wa zeze walikuja kurekodi, wawili watatu, wa Ikuti na Masoko, maana walisikia kuna mwanamke Bulyaga haogopi kitu kinachovuma. Niliwarekodi wote, na mvua ikinyesha sikuzima tena. Zikaja sidii, nikanunua mashine, nikajifunza. Zikaja fleshi, nikajifunza. Zikaja simu zenu hizi, nikasema hapana, hapa na mimi nimefika, nikafunga mlango.

Lakini kanda mama ya Anyitike, ile tuliyoitolea nakala, sikurekodi kitu kingine juu yake wala sikuiuza. Niliilaza kwenye mkaa wake. Nilikuwa naipiga mwaka hadi mwaka, mvua ikiwa kubwa, na kila nikiipiga nilitamani kitu kile kile. Nilitamani mlango ufunguke aingie mtu ameinamisha mabega. Miaka yote ile, na bado nilitamani. Msidhani uzee unalitoa hilo.

Mwaka jana nilikutana na mpwa wa Anyitike sokoni, akanipa namba. Nilikaa nayo siku kadhaa. Kisha nikapiga.

"Halo, nani mwenzangu?"

"Mwasiti."

"Mwasiti yupi?"

"Wa kanda."

Akacheka, kicheko kile kile, kimeongezeka kikohozi. Tukaulizana magoti, wajukuu, waliokufa, nikamsimulia na wale wazee wa zeze niliowarekodi baada yake. Meza ya kaka yake imekuwa duka, yeye ndiye mwenyewe sasa. Nilisikia wateja wakibishana nyuma yake.

"Huko mvua inanyesha?" akauliza.

"Lini haikunyesha? Subiri nikusikilizishe."

Nikaitoa kanda kwenye mkaa. Ile redio ya milango miwili, mlango mmoja bado mzima. Nikabonyeza, nikasogeza simu kwenye spika, nikageuka nikaipa mgongo. Nilimsikia akiwaambia watu wake, "Ngojeni kidogo, ngojeni." Ubishi ukazimika. Tukasikiliza muda mrefu sana kwa watu wanaolipia dakika.

"Mwasiti."

"Naam."

"Ni nani huyo?"

Nilidhani ananitania. Nikangoja acheke, hakucheka. Ndipo nikakumbuka kitu ambacho sikuwahi kukitilia maanani. Anyitike hakuwahi kuisikiliza kanda yake. Kila nilipoipiga alitoka nje, akasimama chini ya ukingo wa bati, akisema ataisoma kwenye nyuso za watu wakitoka. Hata Ikuti alikaa mlangoni na macho yake kwa majirani, na kule redioni ilikatwa waya ukiingia tu. Nakala niliyompa ndiyo tuliyoituma gazetini.

"Ni mmoja wa wale wazee uliowarekodi?"

"Humjui?" nikamuuliza.

"Simjui. Ila huyu anapiga muziki, Mwasiti. Kweli kabisa, huyu anapiga muziki. Yuko wapi siku hizi?"

Kanda ilikuwa inazunguka. Nilishika meza.

"Aliondoka," nikamwambia. "Alikwenda Dar kuuza mitumba."

Simu hakuikata. Tulikaa hivyo, yeye kule na mimi huku, mpaka upande wa pili ukaisha.